Kipaji Kilichomfichia Bix Ugonjwa

Jioni ya tarehe 6 Agosti 1931, katika nyumba ya kupanga huko Queens, New York, alifariki kijana wa miaka 28 aitwaye Leon Bix Beiderbecke. Cheti cha kifo kilitaja nimonia. Ni kweli mapafu yalikuwa yameshambuliwa, lakini nimonia ilimkuta mtu ambaye pombe ilikuwa imekwisha kummaliza. Miaka minne tu kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wapuliza tarumbeta walioheshimiwa kuliko wote katika muziki wa jazz wa Marekani. Wenzake waliacha vyombo vyao wakamsikiliza.

Msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama ana haki ya kuuliza kwa nini nimemfuata Mzungu wa mbali, aliyekufa zamani hivyo, wakati jazz tunayo wenyewe. Tumekuwa na Mara Jazz hapa hapa Musoma, na nchi nzima ilizijua Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na NUTA Jazz. Ni kweli. Na mifano ya wanamuziki wetu walioanguka kwa pombe ipo, kila mtu anao wake moyoni. Lakini hao wana wajane, wana watoto waliomo shuleni na wakwe tunaokutana nao sokoni. Haifai kuwaanika marehemu wa majirani ili mimi nipate funzo la kuandika. Bix hana wa kumwaibisha hapa kwetu, na maisha yake yamechunguzwa na waandishi kwa miaka mingi, karibu wiki kwa wiki. Kwa hiyo tunaweza kuziona dalili moja baada ya nyingine, tukajiuliza kila mara ni nani aliyeiona na alifanya nini.

Alizaliwa tarehe 10 Machi 1903 Davenport, mji wa jimbo la Iowa ulio ukingoni mwa mto Mississippi. Ulikuwa mji wa maji kama Musoma, ambako watu na nyimbo waliingia kwa meli. Baba yake, Bismark, alifanya biashara ya makaa ya mawe na mbao. Mama yake, Agatha, alipiga piano na kinanda cha kanisa. Ilikuwa familia ya heshima, yenye asili ya Kijerumani, iliyopenda muziki uliotulia na watoto waliosoma.

Mtoto huyu alikuwa na sikio la ajabu. Akiwa bado mdogo aliweza kuufikia ubao wa piano akasaka wimbo alioupiga mama yake mpaka akaupata. Alipofika miaka saba gazeti la mjini lilimwandika kama mtoto wa maajabu. Wazazi wakamtafutia mwalimu. Mwalimu alipiga zoezi, Bix akasikiliza, kisha akalirudia lote kwa kumbukumbu bila kuitazama karatasi ya nota. Watu walishangaa na kucheka kwa furaha. Nani asingefurahi?

Lakini ukitazama vizuri, hapo ndipo shida ilipoanzia. Mtoto alijifunza mapema kwamba sehemu ngumu ya kazi inaweza kurukwa, na kwamba akiiruka kwa namna ya kupendeza, watu watampigia makofi badala ya kumrudisha nyuma. Hakujifunza kusoma nota sawasawa. Upungufu huo ulimfuata ukubwani, na ulimgharimu kazi, kama tutakavyoona. Simlaumu mtoto wa miaka saba. Najiuliza tu ni watoto wangapi hapa Mara tunaowasifu kwa kipaji mpaka tunasahau kuwadai kazi.

Mwishoni mwa 1918 kaka yake, Burnie, alirudi kutoka jeshini akiwa na gramafoni na sahani za bendi iliyoitwa Original Dixieland Jazz Band. Bix akapata tarumbeta, akakaa karibu na gramafoni, akajifundisha mwenyewe. Chombo chake hasa kilikuwa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, ila kwa kuwa sisi hatuvitenganishi, nami sitavitenganisha. Vidole vyake vilibonyeza vali kwa mpangilio wake mwenyewe, tofauti na ulivyofundishwa. Sauti iliyotoka ilikuwa safi, ya duara, haina papara. Wakati Louis Armstrong, Mweusi wa New Orleans aliyemzidi umri kwa miaka miwili hivi, alipiga kwa nguvu na moto, Bix alichagua nota chache na kuziweka mahali pake. Vijana weupe wa Marekani ya kati walikuwa hawajasikia mwenzao akipiga hivyo.

Wazazi waliingiwa na hofu. Septemba 1921 wakampeleka Lake Forest Academy, shule ya bweni kaskazini mwa Chicago, wakiamini nidhamu ya bweni itamrudisha kwenye vitabu. Nia ilikuwa njema, lakini mahali hapakufaa. Kutoka shuleni hadi Chicago ni kama kilomita 50 kwa treni, na Chicago ya wakati ule ndiyo iliyokuwa imejaa wanamuziki wa jazz waliopanda kutoka kusini. Bix alitoroka bweni usiku kwenda kuwasikiliza. Mei 1922 alikamatwa nje ya bweni usiku, akafukuzwa. Alirudi nyumbani, akafanya kazi kidogo kwenye biashara ya baba yake, kisha akaondoka tena kwenda kupiga.

Hapa sina budi kusema habari ya pombe ya wakati ule, kwa sababu inafanana sana na yetu. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 kutengeneza na kuuza vileo kulipigwa marufuku Marekani nzima, na jimbo la Iowa lilikuwa limekwisha kutangulia kwa kupiga marufuku yake tangu 1916. Yaani Bix alianza kunywa katika nchi ambayo, kisheria, pombe haikuwa ikiuzwa. Alikuwa akinywa gongo yao, iliyopikwa vichochoroni na kwenye mabafu. Serikali iliagiza spiriti ya viwandani itiwe methanoli ili isinyweke. Wauzaji waliiiba, wakajaribu kuisafisha, wakaiuza hivyo hivyo. Watu walipofuka, watu walikufa. Sisi tunaijua hadithi hiyo. Novemba 2000 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi. Hapa Tanzania pombe za viroba zilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na marufuku ile ilisaidia, maana kiroba kilikuwa kimeingia hadi mifukoni mwa wanafunzi na madereva wa bodaboda. Lakini nani atasema kwamba baada ya siku hiyo gongo ilikauka Bunda au Tarime? Sheria huondoa chupa mezani. Kiu ya mtu inabaki na watu wake wa karibu, na hao ndio nataka kuwazungumzia.

Mwaka 1923 Bix alijiunga na vijana wenzake katika bendi ya Wolverines. Tarehe 18 Februari 1924 waliingia studio ya Gennett huko Richmond, Indiana, iliyokuwa jirani na reli kiasi kwamba treni ikipita ilibidi kusubiri. Zile sahani ndizo zilizoipeleka sifa yake mbali kuliko miguu yake. Mwaka huo huo akawa rafiki wa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Indiana, Hoagy Carmichael, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi mkubwa. Walikaa wakisikiliza muziki na kunywa hadi alfajiri. Wakati huo ilionekana kuwa ni ujana tu.

Kisha likaja pigo la kwanza la kazi. Mwishoni mwa 1924 alichukuliwa na Jean Goldkette, mwenye bendi kubwa ya Detroit. Bendi ile ilipiga kwa karatasi. Bix hakuweza kusoma kwa kasi iliyohitajika, na baada ya muda mfupi aliachishwa. Kwa maneno ya upole aliambiwa akajifunze kusoma, kisha arudi. Februari 1925 alijiandikisha chuo kikuu cha Iowa. Hakumaliza hata wiki tatu. Uliingia ugomvi wa baa, akaondolewa.

Tusimame hapa kidogo. Kijana ana miaka 21 na ushee. Amefukuzwa shule, ameachishwa kazi, ameondolewa chuo, vyote ndani ya miaka mitatu, na katika kisa kimoja pombe imo waziwazi. Angekuwa karani wa duka au fundi seremala, baba yake angemkalisha chini, wajomba wangeitwa. Kwa Bix kila mlango mmoja ulipofungwa ulifunguka mwingine karibu yake, kwa sababu ya ile sauti. Daima alikuwepo mtu aliyesema: kijana ana matatizo yake, lakini msikilizeni anavyopiga! Ndugu msomaji, neno hilo "lakini" ndilo lililomuua. Kipaji chake kilimlipia faini kila alipokosea, mpaka siku ambayo hakikuwa na kitu tena cha kulipa.

Alipata mtu mmoja aliyemfaa kweli. Huyo ni Frankie Trumbauer, mpiga saksafoni aliyekuwa na mpangilio katika mambo yake, aliyemchukua katika bendi yake ya St. Louis mwaka 1925. Trumbauer alimdai Bix afike kwa wakati, alimkalisha kwenye karatasi za nota, alimtaka afanye mazoezi. Bix akaanza kusoma, polepole. Akawa anasikiliza hata watunzi wa Ulaya, akina Debussy na Ravel, na kuingiza walichomfundisha katika piano yake. Mwaka 1926 wote wawili wakaingia kwa Goldkette, yule yule aliyemwachisha Bix. Tarehe 4 Februari 1927 wakarekodi "Singin' the Blues" New York, na kipande cha Bix katika wimbo huo kimekaririwa na wapuliza tarumbeta wa vizazi vilivyofuata. Septemba mwaka huo akarekodi utunzi wake wa piano, "In a Mist", akiwa peke yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu lipo tunaloliamini sote kwenye kumbi za muziki, kwamba msanii akilewa ndipo anapopiga vizuri. Kazi bora za Bix alizifanya alipokuwa chini ya mtu aliyemdai kazi. Za mwisho, za Septemba 1930, alizifanya mwili ukiwa umekwisha kuchoka. Anayetaka ushahidi azisikilize zote, zinapatikana. Alikuwa akinywa wakati wote huo, sikatai. Ila mwaka 1927 nguvu za ujana zilikuwa bado zinambeba, na rafiki alikuwa amemshika mkono.

Oktoba 1927 Bix na Trumbauer waliingia katika bendi ya Paul Whiteman, iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote Marekani. Bix alilipwa dola 200 kwa wiki. Fundi wa kiwanda cha magari cha Ford wakati huo alipata dola 6 kwa siku na alionekana amepata. Fedha ilikuwepo, sifa ilikuwepo, na kazi ilikuwa ya kuchosha: safari za treni, maonyesho zaidi ya moja kwa siku, redio, studio, muziki mgumu ulioandikwa wote. Bix, aliyechelewa kujifunza kusoma, alitumia nguvu nyingi kuwafikia wenzake. Akimaliza, alikunywa. Na alikunywa pia kabla ya kuanza.

Mwishoni mwa 1928 mwili ulikataa. Alianguka kwa nimonia na kwa ile hali inayompata mlevi wa siku nyingi anapokosa pombe: mikono kutetemeka, jasho, kuona vitu visivyokuwepo. Akalazwa. Akarudi kazini, akavunjika tena, akapelekwa nyumbani Davenport kupumzika, akarudi tena. Whiteman hakumfukuza. Aliendelea kumlipa mshahara, na kiti chake katika safu ya matarumbeta kikamsubiri.

Kila nikifika hapa nasita. Ni bosi gani mwema kiasi hicho? Huwezi kumlaani Whiteman. Wengi wetu tungefanya alivyofanya, tukajisifu kwa huruma. Lakini wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na katika bendi ile ile tuna mfano wa upande wa pili. Mwimbaji Bing Crosby alikuwa kijana wa rika la Bix, mnywaji mwenzake, naye alikuwa na Whiteman. Novemba 1929, walipokuwa California kutengeneza filamu, Crosby alikamatwa kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa, akafungwa jela. Wimbo aliokuwa amepangiwa kuuimba peke yake katika filamu akapewa mtu mwingine. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili wakaachana na Whiteman. Crosby akapunguza pombe, akawa mwimbaji maarufu duniani, akafa mwaka 1977. Sidai kwamba jela peke yake ndiyo iliyomponya, watu hawafanani. Ila yeye aliipata hasara yake mkononi, akauona ukubwa wake. Bix hasara zake zilibebwa na wengine.

Tarehe 13 Septemba 1929 alianguka wakati wa kurekodi, ukawa mwisho wa kazi yake ya studio na Whiteman. Akapelekwa tena Davenport. Tarehe 14 Oktoba akaingia Keeley Institute huko Dwight, Illinois, hospitali ya walevi iliyokuwa na umri wa nusu karne na iliyojipatia jina kwa kile ilichokiita tiba ya dhahabu. Huko aliwaeleza waganga kwamba amekuwa akinywa kupita kiasi kwa miaka tisa, na kwamba sasa anakunywa karibu lita moja na nusu ya wiski kila siku. Piga hesabu mwenyewe: miaka tisa nyuma alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa sekondari. Walimpima wakakuta ini na mishipa ya fahamu ya miguu vimeharibika. Akatoka tarehe 18 Novemba. Alipokuwa wodini, soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka, na kumbi za dansi zikaanza kufungwa.

Aliporudi New York mwaka 1930 hakuwa na Trumbauer wa kumshika, alikuwa na hoteli, marafiki wa usiku na vibarua vya hapa na pale. Tarehe 15 Septemba alikuwemo katika bendi iliyorekodi kwa mara ya kwanza "Georgia on My Mind" ya rafiki yake Carmichael. Kipande chake humo ni kifupi. Oktoba, katika kipindi cha redio kilichorushwa moja kwa moja, alisimama kupiga zamu yake na akili ikawa tupu, hakuna kilichotoka. Fikiria: mtoto aliyerudia zoezi zima kwa kusikia mara moja, hana nota hata moja kichwani. Akaenda Davenport, akarudi New York, akapata kazi za siku moja moja kwenye sherehe za wanafunzi. Juni 1931 akahamia ile nyumba ya Queens. Usiku wa mwisho msimamizi wa nyumba alimkuta akitetemeka na kupiga kelele kwamba kuna watu wenye visu wamejificha chini ya kitanda. Mama na kaka yake walikuwa tayari wamearifiwa, wamo safarini kwa treni. Walikuta amekwisha kufa, wakamrudisha Davenport kumzika.

Sasa nirudi kwetu. Vijana wa matarumbeta wanaosindikiza harusi na send-off hapa Musoma, wapiga gitaa na kinanda wa kumbi za Bunda, waimbaji wanaorekodi kwenye vistudio vya mtaani, wengi nawaona wana kipaji kweli. Na naona tunavyowapenda. Zamani tulimtunza mwanamuziki kwa kumbandika noti kwenye paji la uso, siku hizi tunampelekea ofa. Meza hii bia mbili, meza ile bia tatu, na kabla ya saa sita usiku mbele ya kijana zimesimama chupa ambazo hakuziagiza. Akikataa anaonekana anaringa. Wapo na wenye kumbi wanaoona ni nafuu kumlipa nusu ya ujira kwa kinywaji. Hakuna hata mmoja wetu anayekusudia ubaya. Waliomnywesha Bix nao walimpenda.

Wala tusidhani hili ni la wanamuziki peke yao. Mtu yeyote anayesifiwa kwa kazi ya mikono au ya kichwa yumo hatarini, nikiwemo mimi ninayeandika haya. Mwalimu anayefaulisha, daktari anayesifiwa kwa upasuaji, nahodha anayelijua ziwa, fundi ambaye magari ya wilaya nzima hupelekwa kwake: hao wote tukiwakuta wananuka pombe saa mbili asubuhi, tunasema ndivyo alivyo, lakini kazi anaijua. Lile lile "lakini". Na mwenye kipaji mwenyewe ndiye wa kwanza kuliamini, maana linamstarehesha. Nikiambiwa kila siku kwamba kazi yangu ni nzuri, nitawezaje kuamini kwamba ninaumwa?

Dalili za Bix hazikuwa za siri. Kijana anapokunywa peke yake. Anapokunywa kabla ya kazi ili mikono itulie. Anapoanza kuchelewa, kisha kukosa, na kila kukosa kuna hadithi ya kuchekesha inayosimuliwa na wenzake. Wanamuziki walikuwa na visa vingi vya ulevi wa Bix, na walivisimulia kwa kicheko hata baada ya kifo chake. Ukiona visa vya mtu vyote vya kuchekesha vina chupa ndani yake, acha kucheka umwangalie anavyotembea. Bix alipofika miaka 26 alikuwa anachechemea. Miguu inayokufa ganzi, usingizi uliopotea, chakula kisichopita, hizo si dalili za uzee kwa mtu wa umri huo.

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa. Kwa Bix sikubaliani. Sikio lake lilisikia kila kitu, na alipokuwa na Trumbauer alisikia hata la kuambiwa asome. Alikwenda mwenyewe hospitali ya Dwight. Tatizo ni kwamba dawa ilichelewa kwa miaka tisa, ikaletwa wakati ini limekwisha kuharibika, na alipotoka wodini hakukuwa na mtu wa kuishi naye tofauti na alivyoishi mwanzo. Mwaka 1935, miaka minne baada ya kifo chake, walevi wawili walikutana Akron, Ohio, si mbali na miji aliyoizungukia Bix na bendi zake, wakaanzisha vikundi vya walevi kusaidiana kukaa bila pombe siku hadi siku. Vikundi hivyo sasa vimeenea duniani. Yeye hakuvikuta. Sisi tunayo tunayoweza kuyafanya.

Mwanamuziki alipwe ujira wake wote kwa fedha, baada ya kazi, na ale kabla ya kupanda jukwaani. Anayemfundisha kijana tarumbeta amdai nota na saa, hata kama anapiga vizuri kuliko mwalimu. Kijana akikosa kazi kwa ulevi, aikose kweli, asilipwe; na siku hiyo hiyo aende mtu anayempenda akakae naye. Vyote viwili pamoja. Ukimwadhibu na kumwacha peke yake umemtupa, na ukimhurumia bila kumdai umemzika taratibu.

Tena jambo moja la afya, maana nasikia watu wakilifanya vibaya. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asilazimishwe kuacha ghafla kwa kufungiwa chumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege, na akili ikaona watu wenye visu chini ya kitanda, na mtu akafa. Hiyo ni kazi ya hospitali, iwe kituo cha afya cha karibu, hospitali ya wilaya, au ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, ambako anaweza kupewa dawa za kumtuliza na vitamini ambazo pombe imemnyang'anya, huku anaangaliwa. Hakuna aibu katika hilo inayozidi ile ya kumsubiri kwenye jeneza.

Kwa hiyo, mzazi, kiongozi wa bendi, mke au mume unayesoma haya: kama nyumbani au kwenye kikundi chako yupo mtu ambaye mikono yake inatetemeka asubuhi mpaka apate kidogo, usisubiri mpaka kazi yake iharibike ndipo uamini. Mpeleke hospitali wiki hii, na uende naye wewe mwenyewe.